Nani Alikufundisha?

Leo siendi mbali, nabaki hapa hapa Kenya. Na wewe uliyefungulia redio katikati ya safari, labda umo ndani ya lori linalotoka Kasumbalesa, usije ukadhani nimehamia Nairobi. Kenya ninayoisema ni komini yetu hii ya Lubumbashi, iliyobanana na Kamalondo na Katuba, yenye soko, baa, makanisa ya kila jina na makelele ya siku ya mpira.

Ukipita sokoni utawakuta wauza mizizi. Mbele yao kuna magome yaliyofungwa kwa kamba, mizizi iliyokatwa vipande vya urefu wa kidole, unga wa kahawia ndani ya chupa zilizokwisha kunywewa soda. Mnunuzi anainama, ananong'ona shida yake, anapewa kifurushi cha gazeti na maelezo mawili matatu, anaondoka upesi asionekane na shemasi wake. Muuzaji tunamwona, mnunuzi tunamwona. Mimi leo namtafuta mtu wa tatu, ambaye hayupo pale sokoni: yule aliyemfundisha muuzaji.

Tuna tabia ya ajabu katika mji huu. Fundi wa gari akija kufungua injini, tunamuuliza alijifunzia wapi. Akisema alikuwa karakana ya kampuni ya migodi ya Gécamines, tunatulia, tunampa ufunguo. Mshonaji tunamuuliza alikaa kwa fundi gani. Lakini mtu anayetupa kitu cha kunywa, kiingie tumboni, kipite kwenye ini na figo, huyo tunamuuliza swali moja tu: unaponyesha nini? Naye hujibu kwa orodha ndefu, kuanzia kisukari hadi mapenzi yaliyopoa. Orodha ikirefuka ndipo imani yetu inapozidi, wakati ilipaswa kupungua.

Walimu wa tiba ya miti wapo, na wako wengi kuliko tunavyodhani. Wengi hufundisha damu yao: bibi kwa mjukuu, mjomba kwa mpwa, baba kwa yule mtoto mmoja aliyeonekana ana moyo mtulivu. Wengine hupata wanafunzi kwa njia ya ugonjwa. Mtu anaugua kwa muda mrefu, anatibiwa, kisha anaambiwa ugonjwa wenyewe ulikuwa wito, na hatapona sawasawa mpaka naye ajifunze kutibu. Halafu kuna kundi la tatu, ambalo limeongezeka mjini: kijana mwenye diploma mfukoni na hana kazi, anakuja na kuku, kitambaa na dola kadhaa, anasema, "Papa, nifundishe."

Kundi hili la tatu lina historia yake, na historia hiyo ni ya shaba. Mji huu ulizoeshwa kwamba mwajiri ndiye daktari. Union Minière, na baadaye Gécamines, ilitoa nyumba, posho, shule na hospitali. Mfanyakazi alijua mtoto akichemka usiku atampeleka wapi. Kisha mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, uzalishaji ukaanguka, mishahara ikachelewa mpaka ikasahau njia. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatolewa kazini kwa mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia, wakaambiwa wanaondoka kwa hiari. Hiari! Familia zilizokuwa hazijui bei ya chupa ya maji ya dripu zikaijua siku hiyo. Dawa ya mizizi haikuzaliwa wakati ule, ilikuwepo kabla ya mji wenyewe kuanzishwa mwaka 1910. Lakini waliokuwa wakiikimbilia kwa siri wakaanza kuikimbilia mchana, na biashara inapokua, wanaotaka kuiingia huongezeka.

Sasa, mafundisho yenyewe yanakuwaje? Hapa nitawapeleka ng'ambo ya mpaka, ila si mbali, kwa ndugu zetu. Huko Mwinilunga, kaskazini-magharibi mwa Zambia, wanaishi Wandembu, ambao ni Walunda, nao husimulia kwamba wahenga wao walitoka huku kwetu, kwa Mwantiyamvwa, mfalme wa Walunda. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alifika kule mtafiti Mwingereza, Victor Turner. Akakutana na mzee mmoja mdogo wa mwili, mwepesi wa maneno, aitwaye Muchona. Mama yake Muchona aliwahi kuwa mtumwa, na yeye mwenyewe alipitia utumwa kabla ya kujikomboa. Hakuwa chifu, hakuwa tajiri, hakuwa na kijiji kikubwa nyuma yake. Alichokuwa nacho ni miti.

Wakawa wanakaa watu watatu: Muchona, Turner na mwalimu wa shule ya misheni, Windson Kashinakaji, aliyekuwa akifafanua maneno magumu. Walikaa hivyo kwa miezi, siku kwa siku. Na Muchona hakufundisha kwa kusema "mti huu ni wa tumbo, mti huu ni wa kichwa". Alianza na mti wenyewe. Huu unaitwa mudyi, ukiuchubua unatoa utomvu mweupe kama maziwa, ndiyo maana unasimama kwenye mambo ya mama na binti anayekua. Huu ni mukula, ukiukata unatoka utomvu mwekundu unaoganda kama damu, ndiyo maana unatumika pale damu inapohusika: mwanamke anayetokwa damu, kijana aliyetahiriwa. Mwanafunzi alipaswa kuona ule utomvu ukitoka. Turner aliandika yote hayo, na mwaka 1960 makala yake juu ya Muchona ikachapishwa. Wasomi wa dunia nzima wamemsoma mzee yule wa Mwinilunga, wengi bila kujua kwamba miti aliyoieleza imesimama hata huku Haut-Katanga.

Au ilisimama. Na hapa ndipo penye mzigo wa mazungumzo yangu ya leo.

Mukula mnaujua kwa sababu nyingine kabisa. Miaka michache iliyopita malori yalikuwa yakitoka upande wa Kasenga yamebeba magogo mekundu, safari yake China, kwenda kutengenezwa samani za kifahari. Serikali ikapiga marufuku, magogo yakaendelea kupita, tukasikia kesi, tukasikia kimya. Na mti ambao haukwenda China ulikwenda jikoni kwetu. Tunapika bukari kwa makaa, mji mzima, kutwa mara mbili. Msitu wetu wa miombo unarudi nyuma kila mwaka, na mchoma makaa haulizi kama mti huu ni wa dawa.

Mwalimu wa miti aliyekuwa akimtoa mwanafunzi asubuhi kwa miguu na kurudi naye jioni, sasa anahitaji nauli. Akikosa nauli anafundishia nyumbani, kwenye vipande vilivyonunuliwa kwa wachimbaji. Mwanafunzi anajua mzizi ulivyo ndani ya beseni, kavu, umekatwa, hauna jani wala ua. Hajawahi kuona mti wenyewe. Hajui unaota bondeni au juu ya kichuguu. Na vichuguu vya Katanga si vile vya kuruka kwa hatua moja: vingine vina urefu wa mita nane, na juu yake huota miti usiyoikuta chini, pembeni yake. Mjafari, kwa mfano, ule wenye miiba iliyokaa juu ya vinundu vya shina, huku kwetu mara nyingi utaupata kichuguuni. Ukitafuna kipande kidogo cha gome lake, ulimi unawasha kisha unakufa ganzi. Mtu aliyefundishwa kwenye beseni hana njia ya kujua hayo, atameza anachopewa na mchimbaji.

Nimemshuhudia mzee mmoja wa Kenya akimtahini kijana wake, na naomba nieleze, maana palikuwa pazuri. Aliweka mkekani mizizi minne iliyokwisha kumenywa, yote ya rangi moja. "Mwana," akamwambia, "chagua ule ambao hutampa mama mwenye mimba." Kijana akatazama, akageuza, akaanza kukisia. Mzee akamkatiza. "Weka macho kando. Nusa." Kijana akakwaruza mzizi wa tatu kwa ukucha, akausogeza puani, akacheka: ulinukia kama ile dawa ya kuchua misuli wanayojipaka wachezaji wa mpira. Ndiyo harufu ya ule mti wenye maua ya zambarau, ambao wasomi wanauita Securidaca longepedunculata. Harufu ile inatokana na kemikali iitwayo methili salisileti, ile ile iliyomo kwenye dawa za kuchua. Mzizi wake umetumika kutibu sehemu nyingi za Afrika, na umeua pia sehemu nyingi za Afrika, kwa bahati mbaya na kwa makusudi. Mzee hakumwambia kijana unatibu nini. Siku ile alimfundisha kuuogopa tu, na somo likaisha.

Naamini mwalimu wa kweli anatambulikana hapo. Wa uongo huanza na magonjwa, kwa kuwa magonjwa ndiyo yanayoleta wateja. Wa kweli huanza na mti, na katika mti huanza na hatari. Atakupeleka kuuona mara tatu: mara moja wakati wa mvua, mti umejaa majani, mara ya pili mwezi wa nane, majani yamepukutika, na mara ya tatu Septemba, machipukizi mekundu yanapotoka kabla mvua hazijaanza. Mtu aliyeuona msimu mmoja atauchanganya na jirani yake msimu mwingine. Atakufundisha kutoa gome upande mmoja bila kulizungusha shina lote, kwa sababu mti uliozungushwa unakufa, na mwakani utakuja kutafuta nini? Na atakufundisha namna ya kuandaa, si jina la mti peke yake.

Hili la kuandaa lina ushahidi mkubwa. Katika miaka ya 1970 mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alikuwa akitafuta dawa ya malaria katika mmea wa artemisia, na majaribio yakawa yanagoma. Akarudi kwenye maandishi ya mganga wa kale, Ge Hong, aliyeishi zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Ge Hong aliagiza mmea ulowekwe majini, ukamuliwe, maji yake yanywewe. Hakutaja kuchemsha. Tu Youyou akagundua kwamba joto ndilo lililokuwa likiharibu dawa. Akabadilisha njia, dawa ikapatikana, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Mwalimu aliyekufa karne nyingi alikuwa bado anasahihisha kazi ya maabara.

Kuna jambo moja ambalo wazee wa zamani hawakulazimika kulifundisha, nalo linatuhusu sisi wa ukanda wa shaba kuliko mtu mwingine yeyote. Ni udongo. Bomba la moshi la Gécamines mnaliona kila siku, na mlima wake wa mabaki meusi. Kiwanda kile kilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Mwaka 2009 Profesa Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti na madini mengine mwilini kwa viwango vya kutisha, yakipimwa kwenye mkojo. Hata lengalenga inayolimwa kwenye udongo ule huyafyonza. Kama lengalenga inafyonza, mzizi wa dawa uliokaa ardhini miaka ishirini utaachaje? Mgonjwa wa figo anaweza kuletewa dawa iliyochimbwa mahali penye sumu ya figo. Na mchimbaji anayetaka kuokoa nauli atachimba wapi? Karibu.

Kwa hiyo nikipewa nafasi ya kumuuliza mwalimu wa miti swali moja, ningemuuliza unawakataza wanafunzi wako kuchimba wapi.

Wengine wamejaribu kuyaweka mafundisho haya katika utaratibu. Uganda, wilayani Mpigi, kuna shule ndani ya msitu wa Buyijja, inayoendeshwa na shirika la PROMETRA. Aliyeisimamia ni Dakta Yahaya Sekagya, daktari wa meno kwa masomo yake na mganga wa jadi pia. Waganga wanafundishana wao kwa wao, msituni, kwa miaka mitatu. Ninachoipendea ni kwamba darasa limewekwa mahali penye miti, na kwa kuwa darasa liko pale, msitu nao una sababu ya kubaki.

Hapa nchini, enzi za Zaire, katika miaka ya 1980, mfamasia Mjerumani Hans-Martin Hirt na mwenzake Mkongo, Bindanda M'Pia, walianzisha mafundisho ya tiba ya mimea ambayo baadaye yalijulikana kwa jina la Anamed. Walikalisha wauguzi na waganga kwenye benchi moja, jambo ambalo lilikuwa la ujasiri, kwa maana muuguzi aliogopa kudharauliwa na mganga aliogopa kuibiwa. Wakafundisha kupima, kukausha kivulini, kuandika jina na tarehe kwenye chupa. Mafundisho mazuri. Lakini semina ya juma moja hutoa cheti, na cheti kikishatundikwa ukutani Kenya hakisemi "huyu alisoma juma moja". Ndivyo chai ya artemisia ilivyoenea, ikiuzwa kama kinga na tiba ya malaria, ingawa Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi mwaka 2019 kwamba halipendekezi mmea huo utumike kama chai au unga, kwa kuwa kiasi cha dawa ndani yake hakitabiriki na vimelea vinaweza kuzoea. Wapo wanaobishana na tamko hilo kwa nguvu. Mimi nasema mtoto mwenye homa kali apelekwe hospitali ya Sendwe kwanza, ubishi uendelee akiwa amelazwa.

Na wapo wasiofundisha kabisa. Mnamkumbuka Babu wa Loliondo, Mchungaji Ambilikile Mwasapile, kule Tanzania mwaka 2011? Foleni za magari kilomita kwa kilomita, kikombe shilingi 500, na sharti kwamba dawa inafanya kazi ikitoka mkononi mwake. Mzizi ulijulikana, hata wataalamu waliutaja. Lakini hakuacha shule wala mwanafunzi. Alipofariki mwaka 2021, foleni ilikuwa imekwisha siku nyingi.

Turudi kwetu. Sheria ya afya ya umma ya tarehe 13 Desemba 2018 inaitambua tiba ya jadi, na wizara ina mpango wake wa kitaifa wa kuiendeleza. Vizuri. Ila nikiangalia namna tunavyowatambua watu hawa, naona daftari zinauliza jina, anwani na magonjwa. Hakuna mstari wa "nani alikufundisha, wapi, kwa muda gani". Mstari mmoja tu. Ungetosha kumtenganisha mtu aliyekaa na bibi yake miaka kumi na yule aliyenunua orodha ya mizizi mwezi uliopita, kwa sababu bibi ana majirani, na majirani wana kumbukumbu.

Najua pingamizi litakuja kutoka kwa walimu wenyewe, nao wana haki. Chuo Kikuu chetu kina wafamasia waliofanya kazi nzuri: wamepita kwenye komini zote wakiuliza waganga wanatumia mimea gani kwa malaria, gani kwa kisukari, wameipeleka maabara, wameichapisha. Mimea inatajwa kwa jina la Kilatini. Mtafiti anatajwa. Mganga anageuka asilimia. Mkataba wa Nagoya wa mwaka 2010 unasema wenye maarifa washirikishwe katika faida, lakini mkataba haujawahi kupiga hodi uani kwa mtu hapa Kenya. Basi mzee akija kuulizwa na mwanafunzi wa chuo kikuu anatoa nusu, nusu anaimeza. Anataja mti, anaficha namna ya kuuandaa. Ndipo mtafiti anarudi kusema mmea haukufanya kazi maabara, na kila mmoja anabaki akimwona mwenzake mwongo.

Nilipomtajia yule mzee wa mizizi minne wazo langu la mstari mmoja kwenye daftari la serikali, alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote. Kisha akaniuliza: wakishaniandika kwamba mimi ni mwalimu, kibali cha kufundisha kitakuwa dola ngapi?